Akili mnemba inamsomea asiyeona kibao cha daladala, lakini mtaro bado ni kazi ya fimbo

Mleta uzi

Wakuu, habari za muda huu.

Video ya miwani inayoongea ikianza kuzunguka WhatsApp, huwa naipokea kutoka kila upande: shangazi, watu niliowahi kufanya nao kazi, mpaka fundi simu wa mtaani kwetu. Ujumbe ni uleule, "Umeiona hii? Sasa utatembea mwenyewe popote." Nawashukuru kwa moyo wote, maana wananifikiria. Lakini matarajio yaliyomo humo yanaweza kumtumbukiza mtu mtaroni, na nasema mtaro wenyewe, ule wa maji ya mvua usio na mfuniko.

Macho yangu yaliondoka polepole kwa presha ya macho nikiwa tayari mtu mzima. Naishi Dar, natembea kwa fimbo nyeupe, na mfukoni nina simu ya Android ya kawaida yenye TalkBack, kile kisoma skrini kinachotamka kila unachogusa. Akili mnemba naitumia kila siku na imenirudishia mambo niliyokuwa nimeshayaaga, kwa hiyo sikuja kuipinga. Ninachosema ni hiki: AI ya leo ni msomaji hodari, ila haijawa kiongozi wa miguu. Na kwenye mitaa yetu iko nyuma zaidi kuliko ilivyo Ulaya na Marekani, kwa sababu zinazojulikana na zinazorekebishika. Hizo sababu ndizo nataka tuzijadili.

Nianze na uzuri wake.

Mwaka 2015 fundi samani mmoja wa Denmark mwenye uoni hafifu, Hans Jørgen Wiberg, alizindua Be My Eyes. Asiyeona anapiga simu ya video, mtu wa kujitolea anayezungumza lugha yake anapokea popote alipo, anaangalia kupitia kamera na kumwambia kilichopo. Mwaka 2017 Microsoft wakatoa Seeing AI, kazi iliyoongozwa na Saqib Shaikh, mhandisi ambaye mwenyewe haoni. Kwa miaka ilikuwa ya iPhone peke yake, Android ikaipata mwishoni mwa 2023. Google nao walishatoa Lookout mwaka 2019 kwa ajili ya Android. Kisha Machi 2023 Be My Eyes ikatangaza kuunganishwa na GPT-4, akili mnemba ya kampuni ya OpenAI, na hapo ndipo mambo yalipobadilika kweli. Kabla yake programu ilikuwa inakutajia vitu kimoja kimoja: meza, kikombe, mtu. Sasa unapiga picha, inakuelezea, halafu unaendelea kuihoji: kikombe kiko upande gani wa meza, kina kitu ndani, aliyekaa pale amenitazama mimi au anaangalia simu yake?

Mwenye macho anaweza asione uzito wa hilo, kwa hiyo chukua boksi la dawa. Zamani nilikuwa nasubiri mtu arudi nyumbani anisomee. Sasa naliweka mezani, nalaza simu juu yake kamera ikilitazama, nainyanyua wima taratibu mpaka mkono ujikunje nusu, napiga. Nauliza jina la dawa, nguvu yake na tarehe ya kuisha muda. Ikisema haioni tarehe, nageuza boksi, maana mara nyingi tarehe iko kwenye vile vipande vya kukunjia vya mwishoni, tena imegandamizwa bila wino. Hapo hata taa haisaidii, inabidi umuulize mtu. Kwa dawa huwa nasomesha kwa programu mbili tofauti. Zikipishana, naenda duka la dawa kuuliza.

Bili, karatasi za shule za watoto, kibao cha mlangoni ofisini, rangi ya shati, noti iliyochakaa: haya yote AI inayamudu vizuri, na kwa Kiswahili kinachoeleweka. Mtu aliyepoteza macho ukubwani anajua maana ya kusoma barua yake mwenyewe bila kumshirikisha jirani.

Sasa tutoke nje.

Nikiwa kituoni, kamera ikielekea barabarani, AI inaweza kunisomea "Gongo la Mboto – Makumbusho" juu ya kioo cha daladala. Inasoma sawasawa kabisa. Shida ni muda. Picha inapigwa, inapanda mtandaoni, inachakatwa, jibu linarudi, TalkBack inalitamka. Wakati huo konda ameshaita, abiria wameshapanda na gari limeshaondoka. Kwa kazi hiyo sauti ya konda bado inaishinda mashine yoyote niliyowahi kushika. Nawaomba makonda na madereva wanaopita humu: mkiona fimbo nyeupe kituoni, iteni ruti kwa sauti. Msinyamaze mkidhani nimeona rangi ya mstari wa gari.

Ucheleweshaji huohuo ukiupeleka kwenye kutembea unakuwa hatari. Mtu anayetembea taratibu anakwenda kama mita moja kwa sekunde. Jibu likichukua sekunde 5, linakueleza pale ulipokuwa mita 5 zilizopita. Na kamera iliyoshikwa kifuani inatazama mbele, kwa hiyo ile hatua moja au mbili mbele ya kidole cha mguu wako haimo kabisa kwenye picha. Mashine haitakuambia kuwa haijaiona. Itakupa maelezo mazuri ya kilichomo kwenye picha, kwa sauti tulivu: "Mbele yako kuna njia, na watu wachache wanatembea." Mtaro uko miguuni.

Kuna na lile la kubuni. Mifumo hii, ikikosa uhakika, mara nyingine hujaza pengo kwa kitu kinachoelekea kuwa kweli. Kwenye picha ya harusi hilo linavumilika. Kwenye kuvuka barabara halivumiliki. Be My Eyes wenyewe wanatahadharisha kwamba maelezo ya AI yao yasichukue nafasi ya fimbo nyeupe wala mbwa mwongozaji, na yasitegemewe kuvukia barabara. Ukiona anayekuuzia miwani hataji tahadhari kama hiyo, muulize kwa nini.

Fimbo inachokujulisha hakichelewi hata sekunde. Ncha inagusa kushoto wakati mguu wa kulia unakwenda mbele, kisha kulia wakati wa mguu wa kushoto, kwa upana wa mabega. Zege linalia, mchanga unameza sauti, na ukigonga mfuniko wa mtaro unasikia uwazi ulio chini yake. Ncha ikikosa kitu cha kugusa, umesimama kabla mguu haujafika. Ustadi huu una historia yake. Rangi nyeupe inahusishwa na James Biggs wa Bristol, aliyepaka fimbo yake rangi hiyo mwaka 1921 ili madereva wamwone. Mbinu ya fimbo ndefu ya kupekua njia ilipangwa na Richard Hoover kwenye hospitali ya jeshi Marekani miaka ya 1940, kwa ajili ya askari waliopofuka vitani. Ni jambo la kufundishwa kwa wiki na miezi, na mtu anayejua njia anayekufuata nyuma.

Kwa nini basi mashine ipotee zaidi kwetu kuliko London?

Mashine hujifunza kutambua vitu kwa kuonyeshwa picha nyingi ambazo watu wameshaziwekea majina. Mkusanyiko mmoja maarufu unaitwa COCO, ulitolewa na watafiti wa Microsoft wakishirikiana na wa vyuo vikuu mwaka 2014. Mifumo mingi ile midogo, inayoweza kukaa ndani ya simu bila intaneti, ilifunzwa kwa picha hizo. Una aina 80 za vitu. Twiga yumo, tembo yumo, pundamilia yumo. Skii za kutelezea kwenye theluji zimo. Bomba la zimamoto la kando ya barabara limo, mita ya kulipia maegesho imo. Bajaji haimo. Mkokoteni haumo. Mtaro haumo, shimo halimo, jiko la mama ntilie lililowekwa njiani halimo. Kwa hiyo kijana anayepakua mfumo huo kama ulivyo na kuufunga kwenye kofia au fimbo, anatengeneza kifaa kinachomtambua twiga na kupita kimya mbele ya mtaro wa Kariakoo.

Hata ndani ya nyumba hali ni hiyo. Mwaka 2019 watafiti wa Facebook walipima mifumo ya kibiashara ya kutambua vitu kwa kutumia picha za vyombo vya nyumbani kutoka nchi nyingi, na wakakuta makosa yanaongezeka kadiri kipato cha kaya kinavyoshuka. Kipande cha sabuni kutoka Nepal kiliitwa chakula, jibini, mkate. Anayeijua sabuni ya mche anaelewa ilikuwaje: mashine ilifundishwa kwamba sabuni ni chupa yenye pampu.

Mifumo mikubwa ya sasa imepiga hatua, bajaji inaijua na kuitaja kwa jina. Lakini hiyo ndiyo inayokaa kwenye seva za mbali, inayotaka bando na mtandao mzuri, na ndiyo yenye zile sekunde nilizozitaja. Ile ya haraka haijui mtaa wetu, na inayoujua haina haraka.

Nashauri tuliongelee hili kwa kina kuliko kushangilia miwani. Karibuni.

Jibu la 3, mdau wa Likoni, Mombasa

Ahsante sana ndugu kwa uzi wenye faida. Mimi ni mtoto wa mzee asiyeona. Mzee wangu bado ni fundi wa viti vya kusuka, na siku za kazi avuka feri kwenda ng'ambo. Pale pa kuingilia feri watu ni wengi, watu wakimbia, mikokoteni nayo yapita humo humo. Nilikuwa nimekusanya pesa kidogo nimnunulie simu yenye kamera nzuri imwongoze pale. Baada ya kusoma haya nimeingiwa na shaka. Je, ninunue au nisinunue?

Mleta uzi

Shikamoo nyingi kwa mzee. Nunua, ila si kwa ajili ya pale kwenye feri.

Kwenye msongamano kama ule, kamera inaona migongo tu. Hakuna mfumo utakaomwambia mkokoteni unaokuja kwa kasi nyuma yake uko umbali gani. Pale dawa ni mkono wa mtu, na mkono wenyewe una namna yake. Usimshike yeye na kumvuta, mwache yeye akushike wewe juu kidogo ya kiwiko, atembee nusu hatua nyuma yako. Ukishuka atasikia bega lako linashuka, ukisimama atajua kabla hujasema. Penye wembamba peleka mkono wako nyuma ya mgongo, ataelewa aje nyuma yako kabisa. Wafundishe na wafanyakazi wa pale wanaomjua, kwa sababu wengi wana moyo wa kusaidia ila humsukuma mtu kwa nyuma, na anayesukumwa hana namna ya kujua kilicho mbele.

Simu itamfaa kwa mengine. Fundi wa viti anahitaji kujua rangi ya uzi, kusoma oda ya mteja, kuhakikisha noti aliyopewa ni ya ngapi. Be My Eyes ikae humo pia, kwa sababu kwa jambo lenye uzito ni vizuri kuwa na jicho la mtu hai.

Jibu la 6, mwanafunzi

Mkuu, umenigusa moja kwa moja. Niko mwaka wa mwisho, mradi wangu ni fimbo yenye sensa (kihisi kinachopima umbali) ya mawimbi ya sauti na kamera ndogo. Inapiga mlio ikikaribia kizuizi. Sikuwa nimefikiria habari ya mitaro. Kama mtumiaji, ungependa iwe vipi?

Mleta uzi

Nimefurahi sana umeuliza, mdogo wangu. Wengi hutuletea kifaa kikiwa kimeshamalizika, wakitaka picha ya pamoja.

Kwanza, usitumie sensa kurudia kazi ambayo ncha ya fimbo inaifanya tayari. Fimbo ni hodari chini. Udhaifu wake uko kuanzia kiunoni kwenda juu: tawi lililoinama, kioo cha pembeni cha lori lililoegeshwa, kona ya bati la kibanda, bango la duka. Vitu hivyo vinaanzia juu, fimbo inapita chini yake bila kugusa, paji la uso linafika. Makovu mengi tuliyonayo usoni yametoka huko. Sensa za bei nafuu mnazotumia zinapima mpaka kama mita 4, hiyo inatosha kabisa kumlinda mtu kichwa. Fimbo ya WeWALK iliyobuniwa Uturuki inafuata wazo hilohilo, inashika vizuizi vya juu.

Pili, ondoa mlio. Natembea kwa masikio. Nasikia bajaji inapunguza mwendo, nasikia ukuta umeisha kwa sababu upepo na sauti vinafunguka upande ule, nasikia watu wanavyopanga foleni. Kila mlio wako unafunika kimojawapo. Weka mtetemo kwenye mpini, uwe hafifu kitu kikiwa mbali na uongezeke kikikaribia. Na ikiwa njia ina watu wengi iwe na namna ya kunyamaza, vinginevyo Kariakoo itatetemeka mwanzo hadi mwisho na mtumiaji ataizima asiiwashe tena.

Tatu, uzito na mvua. Fimbo nzito inachosha kiwiko kabla hujafika kituoni. Ikilowa ikafa, mtu abaki na fimbo inayofanya kazi kama fimbo.

Na kuhusu kamera, hapo ndipo mradi wako unaweza kuwa na thamani kubwa kuliko kifaa chenyewe. Kusanya picha. Mitaro iliyo wazi, mifuniko iliyovunjika, nguzo zilizosimama katikati ya njia ya miguu, kokoto zilizomwagwa, mikokoteni, bajaji kwa nyuma na kwa ubavu, mchana na jioni, kiangazi na masika. Ziwekee majina, na zipigwe kutoka kimo cha kifua cha mtu anayetembea, siyo kutoka dirisha la gari. Kuna mkusanyiko uitwao VizWiz, uliotolewa mwaka 2018, wenye maswali zaidi ya elfu 31 pamoja na picha zilizopigwa na wasioona wenyewe. Picha nyingi humo zina ukungu, zimekatika, zimeelekea pembeni, na hiyo ndiyo faida yake kwa sababu ndivyo picha zetu zilivyo. Tunahitaji ya namna hiyo kutoka Manzese, Mwanza na Kisumu. Usipige nyuso za watu bila ridhaa, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu 2022 na ina maana yake.

Kabla ya yote, nenda tawi la Chama cha Wasioona Tanzania lililo karibu nawe, omba kutembea na mtu mmoja kutoka kwake mpaka sokoni. Tembea tu, andika, usioneshe kifaa chochote.

Jibu la 8, mdau

Mleta uzi, heshima yako. Ila hapa kuna jambo mnalikwepa. Watu wetu wasioona wengi wako vijijini, hawana smartphone, bando ni shida, wengine hata fimbo hawana. Kuongelea AI kwa mtu ambaye hana fimbo mimi naona ni kuwaacha nyuma walio wengi.

Mleta uzi

Hoja yako ni ya kweli na nakubaliana na mpangilio wako: fimbo kwanza, na mtu wa kuifundisha. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009. Kifungu cha 20 kinazungumzia haki ya mtu kujongea kwa uhuru, na kinataja vifaa kwa gharama nafuu pamoja na mafunzo. Sheria yetu ya Watu wenye Ulemavu ni ya mwaka 2010. Kwa hiyo mtu wa kijijini kukosa fimbo ni deni la umma, na sitaki AI itumike kulificha. Tukisikia kiongozi anazindua miwani janja kumi jukwaani, tuulize fimbo ngapi zimetolewa na wakufunzi wangapi wa kutembea wameajiriwa.

Ninapotofautiana nawe ni kwenye kusubiri. Tukisema AI siyo yetu mpaka matatizo mengine yaishe, mifumo itaendelea kujifunza mitaa ya wengine, na siku simu nzuri itakapofika kijijini itakuwa haijui hata mkokoteni. Picha na ramani zinakusanywa sasa.

Jibu la 11, mdau

Na ramani je? Google Maps si inaongea? Kwa nini asiyeona asivae tu earphone aambiwe kata kushoto, kata kulia?

Mleta uzi

Swali zuri, na jibu lake lina habari njema ambayo wengi hawaijui.

Kwanza hiyo earphone, ukiivaa basi liwe sikio moja au zile zinazokaa kwenye mfupa bila kuziba tundu. Pili, GPS ya simu chini ya anga lililo wazi inakosea kwa takriban mita 5. Katikati ya maghorofa inakosea zaidi kwa sababu mawimbi yanagonga kuta kabla ya kukufikia. Mita 5 kwa dereva si kitu. Kwa mimi ni tofauti kati ya njia ya miguu na katikati ya barabara, au kati ya upande wenye mtaro na upande usio nao. Kwa hiyo ramani inaweza kuniambia nimefika mtaa gani, haiwezi kuniambia niweke mguu wapi.

Lakini hata kujua mtaa gani ni jambo kubwa. Mwaka 2018 Microsoft walitoa programu inaitwa Soundscape. Haikuwa inatoa amri za kata hapa kata pale. Ilikuwa inaweka sauti kwenye masikio kulingana na upande ambao kitu kipo. Duka likiwa kulia kwako, jina lake linasikika kutoka kulia. Ulikoelekea kuna mlio unaosikika kutoka upande ule hata ukigeuka. Mtu anajijengea picha ya mtaa kichwani na kuamua njia mwenyewe. Waliisitisha mwaka 2023, ila waliacha msimbo wake, yaani maandishi yanayoiunda programu, wazi kwa yeyote, na wengine wameuendeleza. Taarifa zake za mitaa zilitoka OpenStreetMap, ile ramani huria ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri.

Sasa sikilizeni hili. Dar es Salaam ni miongoni mwa miji iliyochorwa vizuri sana kwenye OpenStreetMap, kwa sababu ya mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015. Wanafunzi wa vyuo na wakazi wenyewe walipita kwenye kata zinazokumbwa na mafuriko wakichora nyumba, vichochoro, na mitaro ya maji. Mitaro! Waliichora ili kujua maji yanaelekea wapi mvua kubwa ikinyesha, hawakuwa wanatufikiria sisi, lakini ni mitaro ileile inayotuvunja miguu.

Haitawezekana simu iseme "simama, mtaro huu hapa," kwa sababu ya zile mita 5 za makosa ya GPS. Ila inawezekana kabisa iseme, ukiingia mtaa fulani: "Mtaa huu una mtaro wazi upande wa kushoto, kaa kulia." Onyo la mtaa mzima, linatolewa mara moja, halafu fimbo inafanya yaliyobaki. Hiyo haihitaji miwani wala seva ya Marekani. Inahitaji msimbo ulio wazi, ramani iliyopo, sauti ya Kiswahili ambayo hata eSpeak NG, programu ya bure ya kusoma maandishi kwa sauti, inayo, na vijana wachache wa kuhakiki kama mitaro iliyochorwa miaka ile bado iko palepale au imefunikwa. Mwanafunzi wa jibu la 6, kama unasoma, mwambie mwenzako mwenye mradi wa mwaka ujao kwamba ndio huu.

Jibu la 13, mwalimu wa msingi

Shukrani kwa elimu. Nina mtoto asiyeona darasani kwangu, shule ya kawaida, mzazi anataka kumnunulia tableti yenye AI aachane na nukta nundu. Nimshauri nini?

Mleta uzi

Mwalimu, nukta nundu zibaki. Mtoto anayesomewa kila kitu kwa sauti hajui neno linaandikwaje, hajui mkato unakaa wapi, na hesabu kwa masikio peke yake ni mateso. Tableti iongezeke juu yake, kwa vitabu na kwa mambo ya kutalii akiwa nyumbani. Na kuhusu kutembea, mfundishe kwa mikono na miguu yake: idadi ya milango hadi chooni, mti wa uwanjani unaosikika upepo ukipiga, ngazi ziko upande gani wa bendera. Akikua na ramani yake kichwani, AI atakayokutana nayo ukubwani ataihoji, hataifuata tu. Wasiliana na shule zenye uzoefu, Uhuru Mchanganyiko hapa Dar, Buigiri Dodoma, Irente Lushoto, wana walimu wanaoweza kukuelekeza.

Jibu la 17, mdau

Mkuu, mama yangu miezi hii anagonga vitu, anasema anaona ukungu, jioni ndiyo kabisa. Umri wake ni 63. Nimesoma uzi wote, niweke programu gani kati ya hizo kwenye simu yake?

Mleta uzi

Pole sana, na mpe mama salamu. Programu iache kwanza, mpeleke kliniki ya macho wiki hii. Ukungu katika umri huo mara nyingi ni mtoto wa jicho, na huo unaondolewa kwa upasuaji wa muda mfupi, mtu akaona tena. Ila inaweza pia kuwa presha ya macho kama yangu. Hiyo haina maumivu kwa wengi, inaanza kula pembeni, ndiyo maana mtu anagonga vitu, na uoni ulioondoka haurudi. Dawa zinalinda uliobaki tu. Kila wiki ina thamani. Na wewe mwenyewe kapime, kwa sababu presha ya macho inafuata ukoo.

Ikiwa daktari atasema uoni wake utabaki hafifu, hapo ndipo simu inaingia. Anza na maandishi makubwa na kikuzaji, TalkBack baadaye. Siku ya kuiwasha, ingia Mipangilio, sehemu ya zana za walio na matatizo ya kuona au kusikia, uikute TalkBack. Mweleze kabla hujaiwasha kwamba simu itabadilika: ukigusa mara moja inasoma, ukigusa mara mbili inafungua, na kusogeza ukurasa ni kwa vidole viwili. Familia nyingi hushtuka zikidhani simu imeharibika na kuizima palepale.

Akishaonwa na daktari, rudi hapa useme wamemkuta na nini na simu yake ni ya aina gani, tuendelee kutoka hapo.